Digrii Thelathini Ubavuni mwa Breka

Siku yangu ya kwanza kazini, Foremani hakutaka kuona cheti changu. Nilikuwa nimekitia ndani ya bahasha ya kaki na kutembea nacho kutoka Kianda, Kibera, hadi Kawangware, nikikilinda kama mtu aliyebeba mayai. Aliitazama bahasha, akaiweka kwenye benchi bila kuifungua, kisha akaokota breka moja kuukuu na kunikabidhi.

"Nisomee," akasema.

Breka, kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua boksi la stima nyumbani kwake, ni ile swichi inayojizima yenyewe waya ukibebeshwa umeme kupita kiasi. Ile niliyopewa ilitosha kiganjani. Mbele ilikuwa imeandikwa 32 kwa tarakimu kubwa, yaani ampea thelathini na mbili. Ampea ndizo kipimo cha wingi wa umeme unaopita.

"Thelathini na mbili," nikajibu.

"Hiyo hata mwenye duka anaisoma. Geuza ubavu."

Nikageuza. Kulikuwa na maandishi madogo sana, yamefifia kwa vumbi na jasho la mikono. Nikasogea mlangoni penye mwanga, nikafuta kwa kidole, nikaona 30 na kile kiduara kidogo cha digrii.

"Digrii thelathini," nikasema.

"Maana yake?"

Chuoni tulikuwa tumefundishwa mengi, lakini hilo sikulikumbuka. Nilifikiria kubahatisha. Wanaume wanne waliokuwa karakanani walikuwa wameacha kazi zao ili waone huyu mwanamke wa Kibera aliyekuja kuwa fundi wa umeme atajibu nini.

"Sijui, Foremani."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jibu alilolitaka, akavuta kiti.

Foremani Abdalla alikuwa mzaliwa wa Makina, hukohuko Kibera, mtu mrefu, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na doa. Alichukua bisibisi, akaipasua ile breka mbele yangu, akanionyesha kibati chembamba kilichokuwa ndani. Kilikuwa vyuma viwili vya aina tofauti vilivyogandishwa pamoja mgongo kwa mgongo. Umeme ukipita mwingi kibati hupata moto, na kwa kuwa chuma kimoja hutanuka kuliko mwenzake, kibati hupinda. Kikipinda vya kutosha, kinafyatua swichi, na stima inakatika kabla waya haujaungua.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kiwandani walikipima hiki kibati ndani ya chumba cha digrii thelathini. Wakiandika thelathini na mbili, wanasema habari za chumba hicho. Wewe ukiiweka breka mahali pa digrii sitini, kibati kinaamka asubuhi kimeshapinda kidogo. Hakiulizi joto limetoka wapi, kama ni kwa umeme au ni kwa jua. Chenyewe kinajua joto tu."

"Kwa hivyo haitabeba thelathini na mbili?"

"Itabeba ishirini na saba hivi, labda chini. Ukiibana katikati ya breka zingine zenye moto, inapungua tena. Mwenye nyumba atasema breka ni mbovu. Breka ni nzima kabisa. Ila walioipa kazi hawakuuliza itakaa wapi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Cheti changu kilikaa kwenye ile bahasha mpaka jioni, nikarudi nacho nyumbani.

Karakana yetu ilikuwa ya Mkurugenzi mmoja aliyekuwa na kandarasi za kuweka stima kwenye maduka, shule ndogo na nyumba za kupanga. Sisi tulikuwa mafundi watano chini ya Foremani. Mafundi wa karakana nyingine walimwita Daktari, na hawakumsifu kwa hilo. Walimcheka kwa sababu kila alipoitwa penye breka inayojizima, jambo la kwanza alifungua boksi kwa uangalifu, akatundika ndani kipimajoto cha kioo cha kutunzia vifaranga, akafunga, kisha akaketi na kungoja. Wengine walikuwa wamemaliza kazi mbili, yeye bado anangoja kipimajoto kitulie. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza niliona ni kupoteza wakati. Nasema hivyo wazi kwa sababu nitakaloeleza sasa lilitokana na kutokuwa na subira hiyo.

Mwaka wangu wa pili nilitumwa peke yangu kwa bekari ya Mama Wambui, upande wa Gatina. Mama Wambui alikuwa mwenye ploti, mama wa makamo aliyerithi ardhi pale kabla Kawangware haijajaa. Mbele alikuwa na bekari, na nyuma ya ukuta wa bekari kulikuwa na safu ya vyumba vya kupanga. Oveni yake ya stima ilikuwa ikifanya kazi vizuri asubuhi. Ikifika saa nane mchana, breka inajizima. Wakiirudisha inakaa dakika kumi, inajizima tena.

Foremani alikuwa na kazi ya shule iliyokuwa karibu kufunguliwa. Aliniambia, "Nenda upime, usiguse. Uniletee namba mbili: ampea za oveni na digrii za boksi."

Ampea nilipima. Oveni ilikuwa inavuta ishirini na tano tu, na breka ilikuwa ya thelathini na mbili. Kipimajoto nilikuwa nimekisahau karakanani. Niliweka kiganja kwenye boksi, nikahisi ni moto, nikasema moyoni kwamba bekari lazima iwe na joto.

Mama Wambui alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono imejaa unga.

"Fundi, unaona hiyo unga imefura?" akaniuliza. "Ikikaa nusu saa nyingine ni ya kutupa. Jana nimetupa. Juzi nimetupa."

"Foremani amesema nipime kwanza, Mama."

"Kupima mmepima. Wewe si ni fundi? Ama wewe ni wa kupima tu?"

Alifungua droo, akatoa breka mpya ya ampea hamsini. Fundi mwingine alikuwa amemshauri ainunue. Nilijua kwamba kuna sababu ya kutoiweka, lakini sikuweza kuitamka kwa maneno, na unga ulikuwa pale mbele yangu ukiendelea kufura. Nikazima meni swichi, ile ya kukata stima yote, nikaiweka ile ya hamsini. Oveni ikawaka, ikaendelea kuwaka. Saa kumi mikate ikatoka imeiva vizuri, na Mama Wambui akanifungia mmoja kwenye gazeti. Nilitembea kurudi Kianda nikiwa na mkate wa moto kifuani, nikijiona fundi kamili.

Kesho yake Foremani akaniuliza namba zangu.

"Ilikuwa breka imechoka," nikamwambia. "Nimebadilisha."

Sikusema ya ngapi. Naye, akiwa na mbao za shule begani, hakuuliza.

Siku nane baadaye Mama Wambui alipiga simu karakanani. Alisema kuna harufu kama ya sandali ya plastiki inayoungua na hajui inatoka wapi. Foremani alinitazama, akachukua begi lake, tukaondoka pamoja kwa miguu.

Alipofika alizima meni swichi kabla hata ya salamu. Akapitisha kiganja ukutani, taratibu, akifuata njia ya waya kutoka kwenye boksi hadi oveni. Mahali fulani aliuondoa mkono haraka. Tulipofungua bomba la waya, ile plastiki ya kuukinga ilikuwa imegeuka kahawia na kukauka. Foremani aliigusa kwa kucha, ikapukutika kama ganda la njugu. Shaba ilikuwa uchi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho yangu. Breka ya thelathini na mbili ilikuwa ikijizima kwa sababu boksi liliwekwa kwenye ukuta wa oveni, na joto lile lilikuwa linaipunguzia nguvu. Lakini waya nao ulikuwa unapita kwenye joto lilelile, na waya pia hupungua nguvu. Breka, kwa kujizima, ilikuwa inasema ukweli kuhusu mahali pale. Mimi niliinyamazisha. Ile ya hamsini ilivumilia, basi mzigo wote ukabaki kwa waya, na waya hauna swichi ya kujizima. Hiyo ni hesabu ambayo kila fundi lazima aiweke kichwani: ukiongeza breka bila kuongeza waya, hujaondoa tatizo, umelihamisha mahali ambapo hakuna anayeliona.

Foremani alitoka nje, akazunguka nyuma ya ukuta. Nilimfuata. Kilikuwa chumba cha mama mmoja mpangaji na watoto wake wawili. Kitanda kilikuwa kimesukumwa mpaka ukutani, palepale waya ulipopita, na pazia la nailoni lilikuwa limetundikwa juu yake.

"Huu ukuta siku hizi uko na joto," yule mama akasema. "Tulikuwa tunasema ni vizuri, watoto hawasikii baridi."

Foremani alimwomba asogeze kitanda, akamsaidia kukisogeza. Kisha akarudi bekarini, akaitazama ile breka iliyoandikwa hamsini, akanitazama mimi. Alimgeukia Mama Wambui.

"Kosa ni letu," akasema. "Leo hautaoka."

Asubuhi iliyofuata Mkurugenzi alimwita Foremani ofisini. Mlango wa ofisi ile ulikuwa wa mbao nyembamba, na mimi nilikuwa nje nikipanga nyaya. Nilimsikia Mkurugenzi akiuliza nani aliweka breka ya hamsini, na nikamsikia Foremani akijibu, "Kazi iko chini yangu. Niandike mimi." Mkurugenzi akamwambia akae nyumbani mwezi mmoja, na akirudi atatafutiwa kazi nyingine, si ya uforemani.

Foremani alitoka, akachukua kofia yake ya kazi na begi, akatuaga mmoja mmoja. Aliponifikia aliniambia tu nisisahau kufunika ndoo ya skrubu.

Nilikaa na jambo hilo mpaka saa sita. Nilikuwa na mtoto wa chekechea, mume wangu alikuwa akifanya vibarua vya mjengo, na hakukuwa na karakana nyingine iliyokuwa imekubali kuniajiri. Niliyafikiria yote hayo. Kisha nikabisha mlango.

"Ni mimi niliyeweka," nikamwambia Mkurugenzi. "Foremani alinikataza kugusa. Nikamdanganya."

Aliweka kalamu chini. "Mbona hukusema asubuhi?"

"Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Bado naogopa, bosi."

Mkurugenzi huyo tulimjua kama mtu wa haraka na wa hasira, na siku hiyo nilimwona akifikiri. Mwishowe aliniambia niende Makina nikamwite Foremani arudi, kisha sote wawili tuitengeneze ile bekari mpaka iishe, na kwamba mimi sitatumwa popote peke yangu kwa mwaka mzima. "Mwaka mzima," akarudia. Nikasema ahsante, na nilimaanisha.

Nilimkuta Foremani akitoka msikitini. Nilimweleza yote, hata nilivyongoja mpaka saa sita. Alisikiliza huku akivaa viatu.

"Lakini kwa nini ulisema ni wewe?" nikamwuliza. "Ulidanganya kwa sababu yangu."

"Sikudanganya. Nilikufundisha kusoma breka. Kusoma waya sikukufundisha. Twende, Mama Wambui hana mkate."

Tulipotundika kipimajoto ndani ya lile boksi na oveni ikiwashwa kwa waya wa muda, kilipanda mpaka digrii hamsini na saba. Safari hii nilingoja nacho mpaka kikatulia, nikaandika namba kwenye daftari kwa mkono wangu. Tulihamisha boksi lote hadi ukuta wa veranda, upande usiopigwa na jua. Tukapitisha waya mpya, mnene kuliko wa zamani, kwa njia isiyokaribia oveni. Ndani ya boksi Foremani alinionyesha jinsi ya kuacha nafasi kati ya breka ya oveni na zile nyingine ili zisipashane moto, na kukaza skrubu vizuri, maana skrubu iliyolegea nayo hutengeneza joto lake yenyewe. Kisha akarudisha breka ya thelathini na mbili.

Mama Wambui alikunja uso. "Si ni ile ile ilikuwa inatusumbua?"

"Ni ile ile," Foremani akasema.

"Na itakaa?"

"Tutangoja pamoja."

Tukaketi kwenye makreti ya mikate. Saa nane ikafika, ikapita. Saa tisa ikapita. Kila baada ya muda Foremani alinyanyuka, akasoma kipimajoto, akaniita nami nisome. Digrii thelathini na moja. Mikate ilitoka, ikaingia mingine. Ilipofika saa kumi na moja Mama Wambui alileta chai, akaketi nasi. Halafu alifanya jambo ambalo nimelikumbuka kila mara ninaposikia watu wakiwasema vibaya wenye ploti wote kwa pamoja. Alizunguka nyuma, akamweleza yule mpangaji ukweli mtupu: kwamba waya ulikuwa umeungua karibu na kitanda chake, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoa breka ile kwenye droo, na kwamba yule mama ana haki ya kukasirika. Wiki iliyofuata alituita tukakague maboksi ya vyumba vyake vyote.

Nilikaa chini ya Foremani Abdalla miaka mingi baada ya hapo. Alipostaafu, mimi ndiye niliyepewa nafasi yake, na Mkurugenzi alipofunga karakana kwa sababu ya uzee, niliajiriwa kuwa fundi mkuu wa zahanati kadhaa za jamii zilizokuwa Kibera. Msimamizi wangu huko alikuwa muuguzi tuliyemwita Sista Inchaji, mwanamke wa kimo kifupi aliyetembea haraka kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Zahanati yake ya Makina ilikuwa ya mabati, na boksi la stima lilikuwa nje, limeelekea magharibi. Mwezi wa pili, jua likiwa kali, breka kuu ilijizima kila alasiri, na friji ya chanjo ikazimika nayo. Kamati ya zahanati iliitisha kikao. Mwenyekiti, mtu mwema tu ambaye hakujua stima, alisema fundi yeyote angeweka breka kubwa siku hiyohiyo na mambo yaishe. Watoto walikuwa kwenye foleni nje.

"Siwezi kuweka kubwa," nikasema.

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki. Waya wa hapa hautoshi."

Mwenyekiti akasema basi wataita mwingine. Nilikuwa nimeanza kukusanya vitu vyangu wakati Sista Inchaji aliponyoosha mkono.

"Chanjo zangu nikizipeleka kwa friji ya zahanati ya Silanga leo, wewe unahitaji siku ngapi?" akaniuliza.

"Mbili."

"Chukua mbili."

Alifunga chanjo ndani ya masanduku ya barafu, akaenda nazo mwenyewe kwa pikipiki, sanduku moja mapajani. Mimi nilihamisha boksi hadi ukumbi wa ndani, nikaipa friji breka yake peke yake, na breka kuu nikaweka ya ampea zilezile, ila ya aina iliyopimwa kiwandani kwa digrii arobaini, kwa sababu hizo pia zipo na watu wengi hawajui kuziulizia. Siku ya tatu chanjo zikarudi. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuona, akasimama kwenye ukumbi mpaka saa kumi akiitazama breka kama mtu anayengoja mgeni. Haikujizima. Akanipa mkono.

Sasa nimestaafu. Naishi Kianda kwenye nyumba ileile, magoti yamekataa ngazi, macho yangu hayawezi tena maandishi madogo bila miwani. Nikitazama nyuma, naona kwamba sikuwa na akili nyingi kuliko wenzangu. Nilipata watu waliokuwa tayari kungoja pamoja nami jambo lithibitike, na hao ni wachache katika kazi yoyote. Vijana wa leo wana vifaa ambavyo sisi hatukuviota: kamera inayoonyesha joto la boksi zima kwa rangi, bila kugusa chochote. Navisifu. Hata hivyo bado ni lazima mtu afungue boksi, akubali kile anachokiona, na amwambie mwenye nyumba.

Juzi kikundi cha mafundi wa Kibera na Kawangware kiliniita nizungumze nao. Nilikuwa nimeeleza habari ya kibati na joto wakati mwanamke mmoja aliyekaa mbele, fundi wa miaka kama thelathini na mitano, aliponyoosha mkono.

"Mathee, na kama landlord amekataa kabisa? Unamwambia ahamishe boksi, anakwambia weka kubwa ama utoke."

"Nilitoka," nikamwambia. "Mara nyingi. Wengine waliniita tena. Wengine waliita mtu mwingine, na nyumba hizo sikurudi kuziangalia. Nilijiambia kazi si yangu. Mpaka leo sijui kuta zao zikoje. Hilo ndilo jambo moja la kazi yangu ambalo ningelibadilisha."

Aliangalia mikono yake. Tuliendelea na maswali mengine. Baada ya dakika chache nikamwona anafunga begi lake polepole, akaja hadi nilipokuwa nimeketi, akainama.

"Kuna mahali Silanga niliweka breka ya sixty, wiki mbili imepita," akaniambia kwa sauti ya chini. "Si mbali. Nilikuwa nafikiria nipitie jioni."

Nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa saba na nusu, na mabati ya ukumbi ule yalikuwa yanalia kwa jua.

"Usingoje jioni," nikamwambia. "Nenda sasa, upime kukiwa bado na joto."

Akaenda.